SOMO LA WIKI: Hesabu ya jioni si faida ya gari

MFANYABIASHARA mdogo wa Dar es Salaam anapofikisha akiba ya kununua gari, mara nyingi hupiga hesabu moja tu: bei ya gari hadi linakabidhiwa, na kiasi ambacho dereva ataleta kila jioni. Akigawa cha kwanza kwa cha pili anapata idadi ya siku za kurudisha mtaji, na siku hizo huonekana chache. Hesabu hiyo ndiyo iliyowaingiza wengi kwenye biashara ya teksi na ya kubeba mizigo midogo. Hiyo hiyo ndiyo iliyowatoa, gari likiwa juu ya mawe na mtaji wa duka ukiwa umeishia kwa fundi.

Somo la wiki hii linahusu sehemu ya gharama isiyoonekana jioni: uchakavu, matengenezo ya kawaida na akiba ya hitilafu kubwa. Wapenzi wa magari, wale ambao Jumapili asubuhi hufungua boneti hata kama hakuna kilichoharibika, huijua sehemu hiyo kwa masikio na pua. Mfanyabiashara anatakiwa aijue kwa kalamu pia.

MFANO WA HESABU

Chukulia mtu aliyenunua gari dogo la injini ya cc 1,500 kwa Sh. 15,000,000, ushuru na usajili vikiwa ndani. Gari linatembea kilometa 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yaani kilometa 30,000. Dereva anajaza mafuta mwenyewe na kuleta Sh. 25,000 kila jioni. Bei hizi ni za kufundishia. Msomaji aweke za kwake, lakini mistari isipungue.

Uchakavu: baada ya miaka mitano gari litauzwa Sh. 7,500,000. Limepungua Sh. 1,500,000 kila mwaka, sawa na Sh. 50 kwa kilometa.

Oili na filta: kila kilometa 5,000, mara sita kwa mwaka, Sh. 125,000 kila mara. Jumla Sh. 750,000, sawa na Sh. 25 kwa kilometa.

Tairi: seti ya Sh. 600,000 inayodumu kilometa 40,000. Kwa mwaka ni Sh. 450,000, sawa na Sh. 15 kwa kilometa.

Breki, shokomzoba, bushi, plagi na betri: Sh. 1,200,000 kwa mwaka, sawa na Sh. 40 kwa kilometa.

Bima na ukaguzi: Sh. 600,000 kwa mwaka, sawa na Sh. 20 kwa kilometa.

Akiba ya injini na giaboksi: Sh. 900,000 kwa mwaka, sawa na Sh. 30 kwa kilometa.

Jumla ya yote ni Sh. 5,400,000 kwa mwaka, au Sh. 180 kwa kila kilometa, kabla ya tone la mafuta. Gari linalotembea kilometa 100 kwa siku linakula Sh. 18,000 za mwenyewe hata kama halijaharibika. Kwa hiyo katika kila Sh. 25,000 ya jioni, Sh. 18,000 ni za gari na Sh. 7,000 ndizo za mwenye gari. Kwa mwaka anabaki na Sh. 2,100,000, ambayo ni asilimia 14 ya mtaji wake, kabla ya kodi ya mapato.

Asilimia 14 si mbaya. Lakini aliyedhani amepata Sh. 7,500,000 kwa mwaka, yaani asilimia 50, hufanya maamuzi mengine kabisa. Baada ya miaka miwili anajiona amerudisha Sh. 15,000,000 zake zote, anaongeza nyumba chumba kimoja au anachukua mkopo wa gari la pili. Kumbe kati ya fedha hizo Sh. 10,800,000 zilidaiwa na gari lenyewe. Baadhi zimeshalipwa kwa fundi na nyingine zinasubiri siku yake. Siku hiyo ikifika, fedha hutoka dukani.

Mwekezaji mwenye mtaji mdogo hana budi pia kulinganisha asilimia hiyo na riba ya hati fungani za Serikali ambazo Benki Kuu huzitangaza katika minada yake. Hati fungani haihitaji oili wala dereva. Anayechagua gari anapaswa kujua ni kwa nini analichagua.

GARI IMARA NI LIPI

Swali la pili sokoni ni aina ya gari. Wengi husema gari fulani ni imara na jingine ni bovu kana kwamba uimara wote hutoka kiwandani. Uimara wa gari la biashara una miguu mitatu: lilivyoundwa, linavyotunzwa, na ukaribu wa spea na fundi anayelijua. Ukikatika mguu mmoja, gari linalala.

Toyota ndogo kama IST na Probox, zote zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, ni mfano mzuri. Injini yao ya cc 1,497 inayojulikana kama 1NZ hutumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na injini hiyo hiyo imo katika magari mengine kadhaa ya kampuni hiyo. Matokeo yake ni kwamba karibu kila gereji ya Dar es Salaam imeshaifungua, na spea zake, mpya na za mtumba, hupatikana Kariakoo, Gerezani na Ilala. Kwa Nairobi, mtaa wa Kirinyaga hufanya kazi hiyo hiyo. Gari la kifahari la Ulaya linaweza kuwa limeundwa kwa ustadi zaidi, lakini likisubiri kifaa kwa wiki tatu, hesabu ya jioni ni sifuri kwa wiki tatu.

Wanunuzi wengi huziogopa injini za D4, ambazo Toyota ilianza kuziuza mwaka 1996. Woga huo una sababu. Injini hizo hunyunyiza petroli ndani ya silinda moja kwa moja kwa shinikizo kubwa, hivyo zinahitaji pampu ya pekee na petroli safi. Aidha, kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, valvu hizo hazioshwi, na masizi hujikusanya. Injini ya namna hiyo si mbovu kwa mtu mwenye fundi hodari na vifaa vya kupimia. Kwa anayetegemea gereji ya chini ya mwembe, bei yake ya chini ni mtego.

NAMBA SI UMRI

Madalali wa Dar es Salaam hupanga bei kwa herufi ya namba ya usajili. Gari la "namba E" hutajwa kwa fahari kuliko la "namba C". Herufi hiyo inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania tu. Gari lililoundwa mwaka 2004 likiingia nchini baada ya miaka mingi linapata herufi mpya kama lingine lolote. Mnunuzi asome mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari, aulinganishe na namba ya chesisi, kisha atazame gari lenyewe: ulaini wa pedali za breki, ngozi ya usukani, na kiti cha dereva. Mita inayosoma kilometa 60,000 na pedali iliyolika hadi chuma haviendi pamoja.

Kwa gari linaloagizwa moja kwa moja Japani, mnunuzi adai karatasi ya mnada. Karatasi hiyo hutoa daraja la gari, na gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa huandikwa R au RA. Gari la namna hiyo linaweza kufaa, lakini si kwa bei ya gari ambalo halijaguswa.

Umri huingia pia kwenye kodi. Ushuru wa forodha wa magari madogo nchini Tanzania ni asilimia 25, na nchi hiyo huongeza ushuru wa uchakavu kwa magari yenye miaka minane au zaidi tangu yatengenezwe. Kenya haipokei kabisa gari lililozidi miaka minane, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo chake cha kodi za magari, na ni busara kukitumia kabla ya kutuma fedha nje, kwa kuwa viwango hubadilika na bajeti.

Kwa gari lililokwisha kutumika nchini, mnunuzi ahakikishe kuwa halina deni la faini za trafiki, na kwamba bima yake inaonekana kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Akumbuke kuwa bima ndogo hulipa madhara ya mtu mwingine. Gari lake likiungua au likiibiwa, mwenye bima ndogo halipwi kitu.

OILI: KIPIMO CHA KWANZA CHA UAMINIFU

Gharama ambayo huahirishwa kwa urahisi zaidi ni ya oili, kwa sababu gari lenye oili chafu huendelea kutembea. Katika mfano wa juu, oili na filta ni Sh. 750,000 kwa mwaka, au Sh. 3,750,000 kwa miaka yote mitano. Injini ikinoki, tuseme ya mtumba inapatikana kwa Sh. 3,500,000 pamoja na ufundi, na gari linalala siku 20. Hizo siku 20 ni Sh. 500,000 nyingine. Jumla ni Sh. 4,000,000. Injini moja imemeza zaidi ya oili ya miaka mitano.

Kilometa 5,000 ni kikomo kinachofaa kwa gari la biashara mjini, na sababu ni foleni. Gari linalosimama saa nzima Ubungo au Tazara injini ikiwaka haliongezi kilometa hata moja kwenye mita, lakini oili yake inachakaa. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji hutenganisha matumizi mepesi na matumizi magumu, na kufupisha muda wa oili kwa haya ya pili.

Aina ya oili nayo ina maana. Baadhi ya mafundi hujaza oili nzito ya 20W-50 kwenye kila injini kwa hoja kuwa Dar es Salaam ni joto. Injini za miaka ya karibuni zina njia nyembamba na zimeundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30 au 0W-20. Oili nzito huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, na dakika hizo za mwanzo ndizo zinazokula vyuma. Kitabu cha gari husema ni oili ipi, na neno lake ni zito kuliko la muuza oili.

MAJI NA THEMOSTATI

Kosa la pili ni la gereji nyingi za Afrika Mashariki. Gari likichemsha, fundi hung'oa themostati na kumhakikishia mwenye gari kuwa tatizo limekwisha. Kwa siku chache huonekana ni kweli. Kazi ya kifaa hicho ni kuzuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto wake, ambao kwa magari mengi huanzia nyuzi 80 hivi. Kikitolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta zaidi, oili hujaa uchafu na vyuma huchakaa haraka. Chanzo cha kuchemsha, iwe rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji au mfuniko wa rejeta uliolegea, hubaki palepale.

Mfuniko huo ni kifaa kidogo chenye kazi kubwa. Huyashikilia maji kwa shinikizo ili yasichemke mapema, na ukilegea gari huchemsha hata kama rejeta ni nzima. Maji ya bomba peke yake huleta kutu na magamba; kulenti iliyochanganywa kama kitabu kinavyosema huzuia vyote viwili. Gari likichemsha njiani, dereva alizime mara moja na asifungue mfuniko hadi injini ipoe. Kilometa mbili za kujikaza kufika gereji hupinda silinda hedi, na hapo bili haihesabiwi tena kwa maelfu.

GIABOKSI, MKANDA NA BREKI

Giaboksi za CVT, zilizo katika magari mengi madogo ya miaka ya karibuni, hutumia mafuta yake ya pekee. Kuyajaza mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida ni kuiua taratibu. Mwenye gari asome kijiti au kitabu, anunue mafuta mwenyewe, na awepo yanapomiminwa.

Kwa magari yenye mkanda wa taimingi, zikiwemo Hiace za dizeli zenye injini za 3L na 5L, mkanda hubadilishwa kwenye kilometa 100,000 hivi bila kusubiri dalili. Mkanda hautoi taarifa. Ukikatika kwenye injini ya dizeli, valvu na pistoni hukutana, na safari ya abiria huishia hapo. Aliyenunua gari bila kumbukumbu ya mkanda aubadilishe wiki ya kwanza na kuihesabu gharama hiyo kama sehemu ya bei.

Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakiwa na unyevu huchemka kwa joto dogo zaidi. Kubadilisha kila miaka miwili ni gharama ndogo. Anayeteremka Kitonga na mzigo huku pedali ikizama ndiye anayejua thamani yake.

Kwa upande wa tairi, mnunuzi atafute tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani yenye meno mazima bado ni tairi ya zamani. Upepo ujazwe kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyoelekeza, si kwa kupiga teke.

DEREVA NA DAFTARI

Jambo la mwisho ni la uchumi zaidi kuliko ufundi. Dereva wa hesabu ya siku hana sababu ya kuilinda injini isiyo yake; kila saa ya gereji ni saa asiyoingiza kitu. Si lazima awe mtu mbaya. Mpango ndio unaomwelekeza huko. Kwa hiyo matengenezo yabaki mikononi mwa mwenye gari: siku maalumu ya sevisi, fundi mmoja, na siku hiyo dereva asidaiwe hesabu. Wengine huchagua mkataba ambao mwishoni gari huwa la dereva. Mpango huo humfanya alitunze, mradi kiwango cha siku kisiwe kikubwa hata akashindwa kununua oili.

Daftari la gari liwe na safu tano: tarehe, kilometa, kazi iliyofanyika, kifaa kilichowekwa na fedha iliyolipwa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo huonyesha kama Sh. 180 za mfano wetu ni nyingi au ni chache kwa gari husika. Matengenezo yakianza kuzidi yale ya mwaka uliopita, mwenye gari anajua muda wa kuuza umekaribia, kabla gari halijamwambia kwa sauti. Na siku ya kuuza, daftari lenye risiti hujibu maswali ambayo herufi ya namba haiwezi kuyajibu.

Wapenzi wa magari wana desturi ya dakika tano asubuhi, nayo haina gharama. Kijiti cha oili kivutwe: oili yenye rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia. Maji yatazamwe injini ikiwa baridi. Injini iwashwe na moshi uangaliwe: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia kwenye silinda. Redio izimwe kwa kilometa ya kwanza ili gari lisikike.

Jioni dereva akileta Sh. 25,000, mwenye gari azigawe kabla hazijalala: Sh. 18,000 ziende kwenye akaunti ya gari, isiyochanganywa na ya duka wala ya nyumbani, na Sh. 7,000 ziwe zake. Akiona Sh. 7,000 hazimtoshi, bora ajue hivyo leo, mtaji wake ukiwa bado mkononi.